Mameneja Watarajiwa wa Nchi Tatu

Sijapata kuona watu wanaopenda umeneja kama wanafunzi wangu. Nafundisha biashara katika chuo kimoja hapa Singida mjini, huu mwaka wa tisa, na kila wanapokuja wapya huwauliza swali moja tu: mkimaliza hapa mnataka kuwa nani? Meneja. Na wewe? Meneja. Wewe wa nyuma unayejificha? Meneja, madam. Meneja wa nini? "Wa popote tu, madam." Wa popote! Jamani, mtu hajui ataongoza nini wala ataongoza nani, ila kiti anakijua, na anajua kuwa kina magurudumu.

Wasiotaka umeneja wanataka ujasiriamali, na hao ndio wananimaliza kabisa. Mjasiriamali wa siku hizi humkuti na bidhaa. Unamkuta na picha kwenye simu, amekunja mikono kifuani, koti la kuazima, chini yake ameandika Mkurugenzi Mtendaji. Nilimwuliza mmoja kampuni yake inauza nini. Akanijibu bila haya, "Bado tupo kwenye maono, madam." Tupo! Yuko peke yake, hata sabuni ya kufulia anamwomba jirani wa hosteli, lakini maono yake yana wafanyakazi.

Nilidhani ugonjwa huu ni wa kwetu mpaka walipokuja majirani. Chuo chetu kilikubali kupokea kongamano la siku tatu la wanafunzi wa Kenya, Uganda na Tanzania. Lilikuwa sehemu ya mradi wa kuchunguza vijana wa nchi hizi wanataka kazi gani, nani anaota kuajiriwa, nani anaota kuongoza, nani anaota kujiajiri. Siku ya kwanza dodoso, siku ya pili mada, siku ya tatu mashindano ya mipango ya biashara. Mshindi mmoja wa kila nchi angekwenda kusoma uongozi wa biashara mwaka mzima Nairobi, kila kitu kimelipiwa.

Wakaja. Vijana wa Kenya walishuka kwenye basi wakigawa kadi zenye majina ya kampuni, na mmoja alinipa kadi mbili kwa sababu ana kampuni mbili. Nikamwuliza zote zinafanya nini, akasema moja inasubiri mwekezaji na nyingine inasubiri hiyo ya kwanza. Wa Uganda walikuwa wapole na wenye adabu, wanasalimia mpaka mlinzi wa getini, lakini ukiwachimba kidogo kila mmoja anataka kuanzisha shirika la kuwasaidia vijana wengine waanzishe mashirika. Wa kwetu walikaa safu za nyuma na vitambulisho shingoni, wakipiga picha na maji ya chupa. Upepo wetu ulikuwa unapiga mabati ya ukumbi na kuingiza vumbi madirishani, na wageni wakajifunika pua kana kwamba tumewaagizia vumbi hilo makusudi.

Watoa mada ndio sitaki hata kuwakumbuka. "Vijana, jiajirini!" anapaza sauti mtu ambaye tangu azaliwe hajawahi kukosa mshahara wa mwezi, na aliyesimama pale kwa sababu kuna posho. "Fursa zimejaa mtaani!" Basi si uende huko mtaani, baba, kilichokuleta huku kivulini ni nini? Na vijana wa nchi tatu wanaandika, wanapigia mstari.

Nikapewa kazi ya kukusanya madodoso ya wanafunzi wetu na kuyapanga. Nilisoma yote, maana mimi ni mbea wa karatasi. Swali la nne liliuliza: baada ya masomo unataka kufanya nini? Meneja, meneja, mkurugenzi, mwekezaji, meneja, balozi wa bidhaa, meneja. Kisha nikakuta moja limeandikwa kwa kalamu ya risasi, neno moja tu: "Kuendelea."

Nilijua ni la nani. Lilikuwa la binti wa mwaka wa pili kutoka Mgori, mtoto mfupi, mkimya, asiyejua kujipamba kwa maneno. Binti huyu alikuwa ananunua alizeti kwa majirani zao kijijini, anazileta mjini kukamua, mafuta anayatia kwenye madumu ya lita tano na kuwauzia walimu, wapishi wa hosteli na mama lishe wa stendi. Hata mimi nilikuwa mteja wake. Mafuta yake yalikuwa safi, hayana povu, na dumu lake lilikuwa limejaa kweli, si la kupunjwa shingoni. Katika wajasiriamali wote waliojaa ule ukumbi, huyu ndiye peke yake aliyewahi kumuuzia binadamu kitu akapewa hela.

Na ndiye peke yake aliyeihitaji kweli ile nafasi ya Nairobi. Mama yake alikuwa amemwambia wazi kwamba mwaka huu ndio mwisho. Wadogo zake wawili wanaingia sekondari, na shamba halina uwezo wa kusomesha watatu. Apate nafasi ya Nairobi, au arudi Mgori na cheti cha nusu njia. Aliniambia hayo mwenyewe aliponiletea mpango wake niupitie, akiwa amesimama, hataki kukaa hata nilipomwonyesha kiti. Nikamwambia, "Mwanangu, kama kuna haki, nafasi hii ni yako." Nikaweka sahihi.

Hapa naomba niwaeleze jambo moja, kwa wasio wa huku. Singida ukipeleka alizeti mashineni, hulipi. Mashine inakamua, wewe unaondoka na mafuta yako, na makapi yanayobaki, yaani mashudu, ni ya mwenye mashine. Anawauzia wafugaji wa ng'ombe na kuku, na hicho ndicho chake. Wengine siku hizi wana taratibu zao, lakini hiyo ndiyo desturi niliyoikuta duniani, na hakuna anayeandikishana na mtu. Mtoto wa darasa la pili anaijua. Kwa hiyo katika ile fomu ya mpango wa biashara, pale palipoandikwa "Gharama za kukamua", binti aliandika: "Hakuna. Mashudu." Mimi nikasoma, nikaona sawa, nikapita. Haikunijia hata kidogo kwamba kuna mtu mzima duniani atahitaji kuelezwa.

Jaji mkuu alikuwa mhadhiri kutoka Nairobi. Nilimfahamu, tena sana, maana ndiye aliyenifundisha niliposoma shahada ya pili kule. Mtu wa tai na manukato, aliyezaliwa na kukulia mjini, na mafuta ya kula anayajua yakiwa yameshafika kwenye rafu. Zamani nilimwogopa na kumhusudu kwa pamoja. Kule darasani tulipoulizwa kila mmoja ametoka familia ya namna gani, wenzangu walitaja mabenki na majengo. Mimi nikasema, baba yangu yuko kwenye sekta ya viwanda.

Si uongo. Kiwanda kilikuwepo. Kilikuwa mashine moja ya kukamulia alizeti, uani kwetu Utemini, hapa hapa mjini, chini ya bati lililotoboka. Mimi ndiye niliyekuwa nikizoa mashudu kwa beleshi na kuyajaza kwenye magunia nikirudi shule, nywele zimejaa vumbi lake mpaka wenzangu wa chuo cha Kurani wananikwepa. Sare yangu ilitoka kwenye mashudu, nauli yangu ya kwenda bweni ilitoka kwenye mashudu, na hiyo shahada yenyewe ya Nairobi, ukiichunguza sana, ilitoka kwenye mashudu. Hayo sikuyasema. Hapa chuoni pia sijawahi kuyasema. Wenzangu wanajua marehemu baba alikuwa mfanyabiashara, basi.

Siku ya tatu wakaanza kupanda jukwaani. Alitangulia kijana wetu mmoja, mwenye sauti ya redio na viatu vya kung'aa, na mpango wake ulikuwa kampuni ya kuwashauri wajasiriamali. Hajawahi kuuza hata karanga! Lakini alikuwa na picha za rangi, mishale inapanda, mishale inashuka, duara ndani ya duara. Wageni wakampigia makofi. Mwenzangu wa pembeni akaninong'oneza, "Huyu mtoto ana kipaji." Sikubisha, maana kweli anacho, cha kupaka rangi upepo.

Akaja binti wa Mgori. Hakuwa na picha. Alikuwa na karatasi na dumu moja la mafuta aliloliweka mezani. Akaeleza anavyonunua, anavyosafirisha, anavyokamua, nani anapenda mafuta mazito na nani anapenda mepesi, kwa nini mama lishe wa stendi ni wateja bora kuliko walimu. Hapo ukumbi ulicheka kidogo, nami nikacheka, maana ni kweli, walimu tunachelewesha. Nikaona mambo yanakwenda.

Jaji akafungua fomu, akashusha miwani. "Hapa kwa gharama za kukamua umeandika hakuna. Unakamua kwa mashine yako?"

"Hapana, ya mtu."

"Huyo mtu ni ndugu yako?"

"Hapana, mzee."

"Sasa anakukamulia bure kwa nini?"

"Anachukua mashudu," binti akasema, kama mtu anayejibu kwamba jua linachomoza mashariki.

"Mashudu ni nini?"

"Yale makapi. Yanayobaki."

Jaji akawageukia wenzake mezani, kisha ukumbi mzima. "Yaani kuna mtu mwenye mashine, anachoma dizeli, ana wafanyakazi, na malipo yake ni takataka?" Wale wenye kadi wakaangua kicheko. Wa kwetu nao wakacheka, na hawa ndio walionichefua, maana nusu yao wamekula ugali uliopikwa nyumba zenye magunia hayo barazani. Hakuna hata mmoja aliyenyoosha mkono. Mameneja watupu, lakini kusema "mzee, umekosea" hakuna aliyethubutu.

"Binti," jaji akasema, sasa kwa upole ule wa kuumiza, "hii biashara unaifanya kweli, au umeitunga kwa ajili ya shindano?"

"Naifanya, mzee. Hata walimu wananunua." Akanitafuta kwa macho.

Jaji akafuata macho yake, akaniona, uso ukamchanuka. "Ah! Kumbe mwanafunzi wangu yuko hapa! Jamani, huyu ni mmoja wa wanafunzi wangu bora." Watu wakageuka kunitazama. Nikaletewa kipaza sauti. "Mwalimu, wewe ni mwenyeji. Tusaidie. Hiyo desturi ya kukamua kwa makapi ipo?"

Jibu lilikuwa neno moja. Ipo. Au kama ningetaka kusema mengi, ningesema nimelelewa nayo, hii shahada uliyonivalisha imenunuliwa nayo. Nilisimama, nikashika kipaza sauti, nikaona wale wageni wote wa nchi jirani, mkuu wa chuo, wenzangu, na yule mtu wa manukato akinitabasamia kama mtu anayeonyesha gari lake jipya. Nikajiona nina vumbi la mashudu kichwani.

Nikasema, "Tumelipokea, mheshimiwa. Tutalifanyia kazi."

Nikakaa.

Mimi! Mimi ninayewacheka watu wa maono, mimi ninayewadharau watoa mada, ndiye niliyesema maneno hayo, tena kwa sauti nzuri, ya kikao. Binti alibaki amesimama pale mbele, ananitazama kama mtu anayengoja sentensi iishe. Alipoona imeisha, akakunja karatasi yake mara nne, akachukua dumu lake, akashuka.

Jioni matokeo yakasomwa. Nafasi ya Tanzania alipewa mshauri wa wajasiriamali. Mpango wa binti wa Mgori, msomaji akasema, umeondolewa kwenye shindano "kwa kutoa taarifa zisizo za kweli". Ilisomwa hivyo hivyo kwa kipaza sauti, mbele ya nchi tatu. Halafu tukala pilau. Niliketi meza ya wakubwa, na jaji akaniambia watoto wa vijijini siku hizi wana mtindo wa kunakili mambo mtandaoni bila kufikiri. Nikaitikia kwa kichwa, mdomo umejaa nyama.

Nilikuwa na muda wa kurekebisha, nisijidanganye. Jaji alilala hapa hapa mjini, akaondoka kesho yake saa nne. Asubuhi hiyo nilikwenda kumuaga. Tulikunywa chai. Alizungumza habari za mradi mwingine unaokuja, wa nchi tano, akasema atanikumbuka. Nilikuwa nimejipanga kumwambia, wallahi nilikuwa nimejipanga, lakini kila nikifungua mdomo linatoka jambo jingine, mara barabara, mara upepo. Basi lao likaondoka na mimi nikilipungia mkono. Wahenga walisema mkataa kwao mtumwa, na mimi siku ile hata bei yangu haikufika mbali. Kikombe cha chai tu.

Jumatatu niko ofisini, nasahihisha, hodi ikabishwa mlangoni. Akaingia mama mmoja wa makamo, kitenge kimefifia lakini kimepigwa pasi, ameshika kuku mtetea aliyefungwa miguu. Nyuma yake yule binti, kichwa chini. Nikasimama. "Shikamoo, mama." Aliitikia marahaba kwa sauti ndogo, kama mtu anayeona haya kuamkiwa na mwalimu. Binti akaniamkia, nikamwitikia. Walikuwa wameamka alfajiri kutoka Mgori.

Mama hakutaka kukaa. Akaniambia, "Mwalimu, nimekuja kwa ajili ya mtoto huyu. Amenieleza yote. Ulimsaidia, ukamwekea sahihi yako, naye akakutia aibu mbele ya wageni, mbele ya mwalimu wako aliyekufundisha. Sisi watu wa shamba, mwalimu. Tulidhani mashudu ni jambo la kila mahali. Kumbe wenye elimu mna utaratibu wenu. Nimemwambia, huwezi kuondoka chuo umemwachia mwalimu kinyongo. Twende ukamwombe radhi, yaishe."

Binti akapiga goti. Sakafu ya saruji, na vumbi lake. "Naomba unisamehe, madam. Nilidhani kila mtu anajua."

Ningeweza kumwinua. Ningeweza kumwambia pale pale, mbele ya mama yake, mwanangu, simama, anayepaswa kupiga goti si wewe. Maneno nilikuwa nayo. Nikasikia sauti yangu, ile ile ya kikao, inasema, "Yamekwisha. Nimekusamehe. Siku nyingine uwe makini."

Mama akashukuru kwa mikono miwili. Akanikabidhi kuku, nikampokea, nikamlaza chini ya meza. Nilimpokea! Kuku wa mtu aliyekuja kuniomba radhi kwa kosa langu mimi.

Wakageuka kuondoka. Mama akasita, akanitazama vizuri, safari hii bila ile haya. "Samahani, mwalimu. Sura yako hii... Wewe si binti wa yule mzee wa mashine, kule Utemini? Yule wa kanzu yenye madoa?"

Nikasema, "Ndiye mimi, mama." Lilikuwa jambo la kwanza la kweli kutoka mdomoni mwangu tangu lile kongamano lianze.

Akapiga makofi kwa furaha. "Lo! Sema kweli! Mimi nilikuwa nakamua kwa baba yako kabla huyu hajazaliwa! Wewe ulikuwa kasichana, na beleshi lako, unazoa mashudu mpaka kope zimekuwa nyeupe. Na mzee alikuwa na neno lake, mafuta yako, mashudu yangu, nenda salama. Hakuwahi kutudai hata senti. Mungu amrehemu, yule mzee." Akamgeukia mwanawe, uso umemng'aa. "Kumbe mwalimu wako ni wa kwetu kabisa!"

Binti aliinua kichwa. Kwa miaka miwili sikuwahi kuyaona macho yake vizuri, maana huku kwetu mwanafunzi hamkazii mwalimu macho. Siku ile alinikazia. Hakuwa na hasira. Alikuwa anapanga mambo kichwani, moja baada ya jingine, na niliona yalipokamilika.

Akazunguka meza yangu, akainama, akamtoa kuku.

"We!" mama yake akashtuka. "Una wazimu? Hicho si kitu cha mtu? Mrudishie mwalimu!"

"Mama, twende," binti akasema, taratibu, akimfuta kuku vumbi la sakafu. "Huyu hajui mashudu."

Akatoka. Hakuaga. Nilimwona dirishani akikata uwanja kuelekea getini, kuku kwapani, na chuoni hakukanyaga tena. Mama yake, masikini, alibaki mlangoni pangu, mikono ameikutanisha, ananiomba radhi upya kwa ajili ya kuku.